Maua ya Siagi

Mzee Hezekiah alikula nyama baridi kwenye sherehe ya mahari ya mjukuu wake Jumamosi jioni, na Jumapili mchana alikuwa maiti. Wazee wengine saba waliokaa naye meza moja walikuwa hospitali, kila mmoja na dripu yake, na hakuna aliyeweza kusimama bila kushikwa. Vijana waliokula chini ya tenti walikula nyama ileile, iliyopikwa na mkono uleule, na hata mmoja hakushikwa na tumbo.

Hilo la vijana ndilo lililomtia mpishi, Jamilah, ndani.

"Mtu akipika vibaya, anadhuru wote," mkuu wa kituo alimwambia Sajini Gatwiri Jumatatu asubuhi, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Meza moja ikifa na nyingine ikacheza muziki, huyo amechagua. Sinia zilikuwa mbili, na zote alizipanga yeye. Kesho anasimama mbele ya hakimu kwa mauaji. Wewe nitafutie tu alichotumia."

"Na kama hakutumia kitu?"

"Daktari amesema sumu. Manyatta nzima imesikia. Jana watu wametoka kanisani wakaenda moja kwa moja kuvunja bucha la bwanake. Unataka niwaambie nini? Ati bado tunafikiria?"

 Gatwiri alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mzaliwa wa Kianjai kule Meru. Wenzake wa Embu walimjua kwa jambo moja: angeuliza swali lilelile mara tatu bila kuona haya. Alichukua funguo za stoo ya ushahidi, akamwita Konstebo Mbogo, wakashuka.

Sinia zote mbili zilikuwa mezani, za alumini, pana, za kutosha watu wengi. Mbogo alifungua mfuko wa kwanza akageuza uso.

"Afande, harufu hii itanifanya Msabato. Kuanzia leo mimi ni maharagwe tu."

"Ulisema hivyo hivyo wakati wa ile kesi ya mbuzi."

"Wakati huo nilikuwa natania."

Sinia ya kwanza ilikuwa ya vijana. Mabaki yalikuwa machache: vipande vya nyama ya ng'ombe vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, kingo zimekauka, na majani ya saladi yaliyonyauka lakini bado ni majani. Juu yake kulikuwa na maua mawili ya njano, madogo, yamekamuliwa kwa ustadi kama yale ya keki. Gatwiri aligusa moja kwa ncha ya glavu. Siagi.

Sinia ya pili ilikuwa ya wazee. Hii ilikuwa na nyama nyingi zaidi, maana wazee walikuwa wameshiba maneno kabla ya kula. Vipande vya ulimi vilikuwa vimeshikana. Saladi ilikuwa nyeusi na laini kama mboga iliyosahauliwa sufuriani. Kwenye pembe moja mafuta ya njano yalikuwa yameganda kama nta ya mshumaa. Maua hayakuwepo.

Aliinua sinia akaangalia chini. Kulikuwa na masizi, duara lisilotimia.

"Iliwekwa sakafuni jikoni," Mbogo alisema. "Jikoni kwa mama yangu hata paka ana masizi."

"Labda," Gatwiri alisema, akairudisha.

*

Jamilah alikuwa amekaa kwenye kona ya seli, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Mumewe Abdulatif alikuwa na bucha la halali sokoni Manyatta, na yeye mwenyewe alipika kwa watu wenye sherehe. Usiku aliusikia umati ukipiga kelele nje ya kituo, na jina lililokuwa likitajwa lilikuwa lake.

"Ulikuwa unamjua marehemu?" Gatwiri aliuliza.

"Nilimjua. Mwaka jana ndama wake alipotea. Alisimama sokoni akasema ngozi ya ndama wake ameiona imeanikwa nyuma ya bucha letu. Akamwita mume wangu mwizi mbele ya watu."

"Ulikasirika?"

"Wewe ungechinja mbuzi wa furaha?"

"Halafu ukakubali kumpikia."

"Sikumpikia yeye. Ann alikuja kwangu mwenyewe, mjukuu wake, yule anayeolewa. Anafanya kazi ofisini Meru mjini. Ameona nyama baridi kwenye sherehe za wakubwa zake, akataka wakwe wake waione nyumbani kwao. Nikasema uhasama ni wa wanaume, mimi nina kazi yangu."

"Ngozi ya ndama ilikuwa yake?"

Jamilah alivuta mtandio wake mbele zaidi. Gatwiri aliona.

"Ilikuwa yake?"

"Ndama tuliuziwa, na barua ya chifu ilikuwepo. Aliyetuuzia anatoka boma lilelile la mzee. Muulize yeye."

"Jina?"

"Mume wangu alimpa neno lake kwamba hatamtaja. Mimi siwezi kuvunja neno la mume wangu nikiwa seli, wataona nimeogopa."

Gatwiri aliliweka hilo pembeni. "Nieleze ulivyotengeneza hiyo nyama. Usiruke kitu."

Hapo mwanamke alikaa wima. "Paja la ng'ombe nililioka Ijumaa, likapoa, likalala kwenye friji usiku kucha. Nalikata likiwa na baridi ya kuuma vidole, hapo ndipo kisu kinapita chembamba. Ulimi niliuchemsha na tangawizi na pilipili manga, nikaumenya ungali moto, nikaulalisha chini ya jiwe ukawa bapa. Kuku nilimtoa mifupa nikamviringisha. Nikapanga kutoka nje kuja ndani, kama mabati ya nyumba. Katikati saladi. Juu nikakamua maua ya siagi."

"Kwenye sinia gani?"

"Zote mbili."

"Ya wazee pia?"

"Ya wazee ndiyo nilianza nayo. Niliipa maua mengi zaidi."

"Ya wazee ina maua?" Gatwiri aliuliza mara ya tatu.

"Afande, nimesema ina maua!"

"Nimetoka kuiona sasa hivi. Haina hata moja."

Jamilah alimwangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haipo. "Basi waliyala."

"Wazee wa Kimeru wamekaa na wazee wa Kiembu, wanajadili mbuzi, halafu wanakula maua?"

"Basi kuna mtu ameyatoa. Mimi niliyaweka."

Gatwiri alijua waongo wengi. Mwongo hupenda kuongeza. Huyu hakuongeza. Lakini pia alijua wauaji wawili watatu ambao hawakuongeza, kwa hiyo hakuamini wala hakukataa.

"Sinia ilitoka mkononi mwako lini?"

"Mlangoni. Nyumba ambayo mahari inajadiliwa haiingii mtu wa nje. Waliniambia hivyo, na mimi sikubishana, kila watu na mila zao. Mama wa boma, Mama Ann, aliipokea mwenyewe pamoja na sanduku lake la barafu. Nikamwambia aiache humo mpaka wazee wakae kula. Akacheka, akasema hewala. Nikarudi kwenye tenti kugawia vijana, ilikuwa saa sita. Wakamaliza, nikaosha visu vyangu nikaenda nyumbani."

"Wazee walikuwa wamekula?"

"Wazee walikuwa hata hawajamaliza kusalimiana."

Gatwiri alisimama. Jamilah akamshika ukosi wa koti kwa vidole viwili, kwa adabu, kama anayeokota uzi.

"Dada. Nina mtoto ambaye hajaacha kunyonya. Kesho wakinipeleka kwa hakimu, huyo hakimu ataniuliza kwa nini vijana hawakuugua. Mimi sina jibu. Nimekaa hapa nalitafuta usiku mzima. Sina."

*

Boma la Hezekiah lilikuwa upande wa juu wa Manyatta, katikati ya mibuni na migomba. Tenti ya mahari haikuwa imeng'olewa. Wanawake walioalikwa Jumamosi kucheka walikuwa wamekaa chini yake wakiwa wamejifunga leso, wanaimba polepole. Riboni za waridi bado zilining'inia kwenye nguzo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitoa.

Mwenye boma, Misheck, mtoto mkubwa wa marehemu na baba yake Ann, alikuwa amelazwa hospitali pamoja na wazee wengine. Ann alikuwa huko akimwangalia. Nyumbani walibaki mke wa Misheck, Lydiah, ambaye kila mtu alimwita Mama Ann, na Munene, mdogo wake Misheck.

Munene walimkuta zizini, pampu mgongoni, anapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Alikuwa amekaa meza ya wazee Jumamosi kutwa nzima, na alikuwa mzima kama ngoma.

"Baba yako yuko mochari," Gatwiri alisema, "na wewe unaosha ng'ombe."

"Kupe hawajui matanga."

"Hiyo chupa imefika nusu."

"Nusu nyingine iko kwa ng'ombe. Waulize."

Mbogo alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Uliinunua lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Siku ya mahari ya mtoto wa ndugu yako ulienda kununua sumu."

"Nilienda kununua dawa. Mkulima akinunua dawa sasa amekuwa muuaji? Andika basi, tutafungwa Embu nzima." Aliiweka pampu chini, lakini mkono wake ulibaki kwenye mpini. "Najua mnalotaka. Mnataka kuniuliza kwa nini sikufa."

"Kwa nini hukufa?"

"Sikula."

"Kwa nini hukula?"

"Sikutaka chakula cha yule mwanamke."

"Kwa sababu mumewe aliiba ndama wenu?"

Munene alitazama ng'ombe. Shingo yake ilibadilika rangi kuanzia chini kwenda juu.

"Ama kwa sababu mumewe hakuiba?" Gatwiri aliendelea. "Aliuziwa. Na aliyeuza anatoka hapa. Sasa ukakaa mezani siku nzima ukiona aibu kula chakula cha mke wa mnunuzi, na baba yako yuko hapo."

Mpini wa pampu uliponyoka mkononi.

"Ilikuwa karo ya mtoto," Munene alisema chini chini. "Mzee hangetoa."

"Hiyo ni kesi nyingine, na mimi nina hii. Lakini mtu aliyeuza ndama wa baba yake kisha akaacha mwingine aitwe mwizi mwaka mzima, huyo anaweza kufanya nini kingine?"

"Si kuua!" Wanawake kwenye tenti waligeuka. Akashusha sauti. "Si kuua, afande. Sinia sikuigusa. Na hata kama isingekuwa ya yule mama, singekula. Nilimwambia Misheck ilipoletwa. Nikamwambia, watu wametoka Kianjai na baridi ya mlima, wanakuja kuoa, nyinyi mnawapa nyama baridi? Nyama baridi hupewa mbwa, ama mtu aliyechelewa. Wakwe watarudi kwao waseme tuliwalisha mabaki."

"Misheck akasema nini?"

"Alicheka. Akasema nisijali, Mama Ann ataangalia."

"Ataangalia nini?"

"Mambo ya jikoni mimi nitayajulia wapi? Mwanamume hakai jikoni."

Gatwiri alibaki amesimama. Ng'ombe alipiga mkia, matone ya dawa yakamrukia kwenye koti, hakuyafuta.

"Afande," Mbogo aliita, "tumchukue?"

"Chukua chupa. Yeye abaki. Munene, usivuke daraja la Manyatta mpaka nikuambie."

Alitoka zizini akampigia daktari simu.

"Mzee Hezekiah," alisema. "Uliiambia familia amewekewa sumu?"

"Kuwekewa? Hapana, hapana. Nilisema sumu ya chakula. Chakula kikiharibika kinazaa sumu yake chenyewe. Walikuwa wanalia, nadhani walisikia neno la kwanza tu wakakimbia nalo."

"Dawa ya kupe inaweza kufanya hivi?"

"Ya kupe ningeiona. Mate yanatoka kama mfereji, macho yanakuwa madogo kama ncha ya sindano. Hawa ni kuhara na kutapika mpaka maji yanaisha mwilini. Hawa wengine wana nguvu. Mzee hakuwa na maji ya kupoteza. Vipimo vitakuja kutoka Nairobi, lakini ukiniuliza mimi, nyama iliharibika."

"Nyama ya sinia moja iharibike, na ya pili iwe nzima? Mnyama ni mmoja, friji ni moja, kisu ni kimoja."

"Hilo ni lako, Sajini. Mimi ni wa matumbo."

*

Jikoni kulikuwa nyuma ya nyumba kubwa, kuta za mbao, mawe matatu katikati na jiko la makaa pembeni. Lydiah alikuwa anasonga ugali wa waombolezaji, mikono imepakwa unga mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa mwanamke mrefu, na macho yake yalikuwa yamevimba. Jumapili yeye ndiye aliyepiga kelele ya kwanza kituoni, na ndiye aliyetaja jina la Jamilah.

"Umekuja kuniambia amekubali?"

"Bado."

"Bado! Mzee wetu anakauka mochari na nyinyi mnasema bado." Alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Kwani wewe si wa Kianjai? Wakwe wamekutuma?"

"Wakwe wenyewe wako kwenye dripu, Mama Ann. Watatu. Hawana nguvu ya kunituma."

Lydiah akashuka kidogo. Alivuta kigoda kwa mguu akakisukuma kwa mgeni. "Kaa. Mtu hasimami jikoni kwangu."

Gatwiri alikaa. Macho yake yalizunguka. Kwenye kona kulikuwa na sanduku la barafu, la buluu, jina la Jamilah limeandikwa juu kwa rangi nyeupe.

"Naweza kufungua?"

"Fungua."

Ndani yake kulikuwa na soda zikielea kwenye maji yaliyokuwa barafu. Hakukuwa na alama ya mafuta, wala jani, wala harufu ya nyama.

"Soda za nani?"

"Za wageni wa Jumamosi. Zilibaki."

"Ziliwekwa humo Jumamosi?"

"Mara tu sanduku lilipofika. Soda bila baridi nani atakunywa?"

Gatwiri alifunga kifuniko polepole. Alihisi kitu kimekaa mahali pake, lakini aliuliza swali lake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesifia boma.

"Wakwe walipokelewa vizuri? Huko kwetu watauliza. Watauliza kwanza kuhusu chakula."

"Waulize tu!" Lydiah alinyooka. Kwa mara ya kwanza uso wake ulifunguka. "Hata Munene alikuwa ananicheka, ati tunawapa athoni mabaki. Athoni, wakwe kabisa, wanaokuja kumchukua mtoto wangu! Huyu mwanamke ananiletea nyama ya baridi, ananiambia niwape hivyo hivyo. Nikamwambia hewala, maana sikutaka kumkosea. Alipogeuka nikaitoa kwenye barafu. Kwa boma hili mgeni hapewi kitu baridi, hata maji ya kunawa tunapasha."

"Ukaipasha."

"Nikaipasha. Na tena guka, mzee wetu, alikuwa hawezi baridi, meno yake yalikuwa yamebaki manne. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha tangu mama mkwe afariki. Uji wake, supu yake, kila kitu kiwe cha moto, namwonjea kwanza. Nilimchagulia ule ulimi mimi mwenyewe, kwa sababu ni laini."

"Uliipasha namna gani, Mama Ann?"

"Hapa." Alionyesha jiko la makaa kwa mwiko. "Lakini sikuichoma, wewe, ile sinia ilikuwa nzuri, ilikuwa na maua! Ningeweka moto mwingi ningeharibu urembo. Nikafunika makaa kwa majivu, nikaiweka juu, nikaifunika na sufuria kubwa. Joto la kukalia mkono tu. Maua yenyewe yaliyeyuka, nikahuzunika. Lakini nyama ilishika joto."

"Kutoka saa ngapi?"

"Kutoka saa sita ilipokuja."

"Na wazee walikula lini?"

"Unajua wazee. Neno la mahari halijaisha hawali, ukila kabla unaonekana ulikuja kwa tumbo. Wakabishana kuhusu mafahali, wakabishana kuhusu asali, wakatoka nje kushauriana, wakarudi. Mpaka ng'ombe wakakamuliwa. Kila mara nilikuwa naingia naongeza kaa moja, naongeza kaa moja, isije ikapoa." Alitabasamu kidogo. "Walipokula, mzee mmoja wa Kianjai aliniita akaniambia, mama, umetuheshimu."

Nje, wanawake walimaliza wimbo mmoja wakaanza mwingine. Mbogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya dawa ya kupe mkononi, aliitazama ile chupa, kisha akaificha nyuma ya mgongo.

Gatwiri alikuwa na njia nyingi za kusema. Alichagua ile fupi.

"Mama Ann, ukitaka maziwa yagande, unayaweka wapi?"

Lydiah alishangaa swali. "Maziwa? Kando ya jiko."

"Kwa nini usiyaweke mahali pa baridi?"

"Kwa baridi hayagandi. Yanataka joto kidogo. Ukichemsha hayagandi pia, unayaua. Joto la mkono tu, kutwa nzima, ndiyo yanage..."

Mwiko ulisimama kwenye ugali.

Gatwiri hakumsaidia. Ugali ulianza kuungua upande mmoja, moshi mwembamba ukapanda, na hakuna aliyeusogeza kutoka kwenye mawe.

"Nyama si maziwa," Lydiah alisema hatimaye.

"Hapana. Maziwa yakigeuka tunakunywa."

"Nilimwonjea."

"Ulimwonjea kipande?"

"Mchuzi wake tu. Kwenye kidole." Aliangalia kidole chake, kimejaa unga. "Jumapili usiku tumbo langu lilikata kidogo. Nikasema ni kilio."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Uliniuliza? Mliniuliza nani aliileta nyama. Mliniuliza nani alimchukia mzee. Hakuna aliyeniuliza kama nimepasha chakula. Ni kama kuulizwa kama nimenawa mikono." Alikaa chini, si kwenye kigoda, sakafuni, kwenye majivu. "Gatwiri. Hilo ndilo jina lako? Niambie ukweli. Mimi ndiye?"

"Nyama ilikuwa nzima ilipofika mlangoni kwako. Vijana ni ushahidi. Ilikuwa mbovu ilipotoka jikoni kwako."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua. Lakini hilo ndilo ninaloweza kuandika."

Lydiah alijipangusa unga kwa leso, kidole kwa kidole. "Misheck asisikie kabla hajatolewa ile dripu. Hiyo tu. Ngoja siku mbili tatu ndipo useme."

"Jamilah ana mtoto anayenyonya, na kesho asubuhi anapelekwa kwa hakimu. Siwezi kungoja hata usiku."

"Watu watauliza kwa nini umemwachilia."

"Watauliza."

"Utawaambia nini?"

"Vile ulivyoniambia."

Lydiah alitikisa kichwa, taratibu, mara nyingi. Kisha alisimama, akaepua sufuria ya ugali ulioungua, akaanza kuupakua ule wa juu uliokuwa mzuri, kwa sababu nje kulikuwa na watu na walikuwa hawajala. Alifika kwenye sahani ya tatu akasimama.

"Huu ni wa moto?" aliuliza, na haikujulikana alikuwa anamuuliza nani.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo, akayasoma tena, akasema neno ambalo mkewe hangependa kulisikia. Kisha akatia saini.

Jamilah alitolewa seli jioni. Abdulatif alikuwa nje na mtoto begani, mtoto amelia mpaka sauti imekwisha. Gatwiri alimweleza Jamilah kwenye kaunta, maneno machache. Jamilah alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja tayari kwenye kifungo cha blauzi.

"Nilimwambia aiache kwenye barafu."

"Ulimwambia."

"Alicheka. Nikadhani amenielewa." Aliangalia nje, kwenye giza lililoanza. "Kwetu pia mgeni hapewi baridi. Ningejua, dada. Ningemwelezea. Nilikuwa na haraka na vijana."

Hakushukuru, na Gatwiri hakutegemea shukrani. Alikaa mezani kwake kumaliza ripoti. Sehemu ya mwisho ilitaka hasara, na aliijaza kwa mwandiko wake mnene, bila kupamba.

Mtu mmoja amefariki, Hezekiah, kwenye friji ya mochari. Wazee saba wamelazwa, wanne wa hapa na watatu wa Kianjai. Mmoja wao figo zimekataa. Bucha moja limevunjwa, kioo, mizani na friji, nyama yote imemwagiwa mafuta ya taa. Mwanamke mmoja asiye na kosa, siku moja seli. Titi lake la kushoto limevimba kwa maziwa. Mwanamume mmoja ameitwa mwizi mwaka mzima; hilo limefunguliwa jalada lake. Ndoa moja, wakwe wamesema ingoje. Mama mmoja wa boma, Manyatta, mzima.

Alilisoma lile neno la mwisho. Akalikata kwa mstari mmoja, akaacha nafasi, akafunga jalada.